Usukani Kulia, Macho Kushoto

Wanunuzi wa magari mjini Bishkek wana desturi yao. Kabla hawajalizunguka gari, kabla hawajapiga teke tairi wala kuuliza mafuta, huchungulia dirishani waone usukani uko upande gani. Wakiukuta kushoto, mazungumzo huanza. Wakiukuta kulia, wengine huenda zao kimya kimya, na wanaobaki hubaki ili wapunguziwe bei.

Sagynaly aliyajua hayo kama anavyojua jina la mama yake. Miaka yote aliyouza magari kwenye yadi ile ya nje ya mji, ameona magari mawili pacha, injini ile ile, rangi ile ile: la usukani kushoto, lililotoka Dubai, likaondoka kabla vumbi halijalishika, na nduguye wa usukani kulia, aliyetoka Japani akiwa safi kama birika la harusi, akaota mizizi pale pale mpaka akauzwa kwa theluthi mbili za bei. Barabara za huku watu hupita kulia, basi dereva naye anatakiwa akae kushoto. Ndivyo soko linavyosema, na soko halibishani na mtu.

Hata hivyo alipoiona picha ya ile Pajero ya kijani kwenye mnada wa Japani, moyo ulimruka. Viti havijachanika, chini hakuna kutu, mlango wa nyuma haujawahi hata kuguswa na mti. Aliinunua. Ilipofika, mkewe Nurzada aliizunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Umeoa mke wa pili bila kuniambia," alisema.

"Nurzada, iangalie vizuri. Ni nzuri."

"Nimeiangalia. Mke wa pili angalau angeosha vyombo."

Kizuri chajiuza, wasemavyo, lakini kizuri kile majira yote ya baridi hakikujiuza. Kufikia Juni, Sagynaly alishachoka kusikia "Ingekuwa kushoto, kaka, ningeichukua leo leo." Akampelekea Gennadi, fundi aliyekuwa na sifa ya kuhamisha usukani.

Gennadi alijilaza chini ya dashibodi, akatoka akijifuta mikono. "Nitauhamisha. Nakata hapa, nachomelea pale, nyaya zote nazivuta upande wa pili. Bei yako itapanda, sikatai. Lakini mnunuzi anayejua atainama, ataliona kovu. Na gari ukishalipasua kifua halirudi lilivyokuwa."

"Wajuaji ni wachache."

"Haya, niletee Jumatatu."

Sasa, kinyozi hajinyoi: muuza magari huyo hakuwa na gari lake mwenyewe. Aliendesha lolote lililokuwa halijapata mtu. Na Jumamosi ile ilimpasa ampeleke mama yake, Bi Anipa, kwenye malisho ya Suusamyr, ambako dada mkubwa wa Sagynaly alikuwa amekwisha kusimamisha hema la majira ya joto. Yadini hakukuwa na gari jingine lenye kuuweza mlima ule. Wakapanda Pajero.

Bi Anipa alikuwa amekaa kwa Sagynaly na Nurzada tangu theluji ya kwanza, ghorofa ya tano. Hakulalamika hata siku moja. Akishika ufagio, Nurzada, kwa wema wake, humnyang'anya: "Kaa, mama, pumzika." Akitaka kukanda unga: "Kaa, mama." Basi alikaa. Alikaa dirishani mpaka akawa kama mgeni aliyesahau kuaga, na maneno yake yakapungua siku hata siku. Sagynaly aliliona hilo, likamuuma.

Njiani pia ilikuwa hivyo hivyo, mpaka walipoanza kupanda mlima. Hapo wakalikuta lori la unga likijikokota na kutoa moshi. Sagynaly alichomoza pua ya gari kidogo, akarudi. Akachomoza tena, akarudi.

"Mbona unachungulia na kurudi kama panya tunduni?" mama aliuliza.

"Sioni mbele, mama. Mimi niko huku ukutani. Ili nione wanaokuja, inabidi kwanza niligeuze gari zima."

"Mimi naona."

"Unaona nini?"

"Naona basi la njano linashuka." Basi likapita kwa kishindo. "Sasa naona gari dogo." Likapita nalo. "Sasa pako peupe mpaka kwenye jiwe lile lililovunjika."

"Una hakika?"

"Nimehesabu kondoo kwenye ukungu miaka yangu yote, leo unaniuliza kama naliona lori? Nenda!"

Sagynaly akakanyaga mafuta. Kwa pumzi moja hivi alikuwa akiendesha kwa macho ya mtu mwingine. Kisha lori likabaki nyuma, barabara ikafunguka mbele yao, na mama alikuwa amejishika kwenye mpini wa mlangoni, macho yanang'aa.

"Kuna jingine kule juu," alisema. "Lenye turubai. Twende tukalipate."

Alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pindo la kitambaa chake cha kichwa, akajifunga kitambaa upya kisogoni kama mtu anayekwenda kukata nyasi. Walipolifikia lori la turubai, aliegemea mbele. "Ngoja. Ngoja. Huyu anakuja mbio, mwendawazimu huyu, nani kampa leseni? Ngoja bado. Haya!" Walipofika lori la tatu maneno hayakuhitajika tena. Kofi moja gotini kwa Sagynaly lilikuwa ngoja, mawili yalikuwa nenda.

Na mdomo wake ukafunguka. Alimsimulia jinsi zamani, wakati wa kuhama na mifugo, yeye ndiye aliyetangulizwa mbele juu ya farasi kuuangalia mto, maana baba yake Sagynaly, Mungu amrehemu, alikuwa haoni mbali na alificha watu wasijue.

"Baba? Haoni mbali?"

"Aliwahi kumwamkia ng'ombe akidhani ni mkwewe. Nilimfinya mbavuni, akageuza salamu ikawa kikohozi."

Sagynaly alicheka mpaka ikambidi apunguze mwendo. Miaka yote ile hakuwahi kuijua habari hiyo.

Karibu na mdomo wa handaki linalotoboa mlima, askari wa barabarani kijana aliwasimamisha kukagua hati. Kwa kuwa upande wa kulia ulikuwa poromoko, alikuja dirisha la kushoto, akamkuta bibi mwenye miwani amekaa wima kama jemadari.

"Salaam alaikum, mama. Nani anaendesha hapa?"

"Tunaendesha wote," alijibu Bi Anipa. "Yeye mikono, mimi macho. Wewe mwana wa nani? Sura hii naijua, hii ni ya watu wa Talas."

"Ya Talas kweli, mama."

"Unakula wewe? Mbona shingo imekuwa kama ya korongo?" Akamjaza maandazi viganjani. Askari alipokea hati za Sagynaly kwa vidole viwili vilivyobaki, akazisoma, akazirudisha akijitahidi asicheke. "Yatii macho yako, kaka," alimwambia Sagynaly, akawaruhusu.

Upande wa pili wa mlima bonde lilikuwa limetanda kijani, na mahema meupe yamesimama hapa na pale. Dada yake aliwapokea kwa kumis ya baridi, maziwa ya farasi yaliyochachuka, iliyowakwaruza koo vizuri. Hawajamaliza bakuli la pili, akafika mwanamke mmoja juu ya farasi, mabuti ya mpira miguuni, amefunga madumu ya maziwa huku na huku. Dada akamtambulisha: huyo ni Seyilkan, ndiye anayekusanya maziwa kwenye mahema ya juu na kutengeneza jibini; gari lake kuukuu limemfia majuzi, ndiyo maana madumu yamepanda farasi.

Seyilkan aliiona Pajero hata kabla ya kushuka. Alikwenda moja kwa moja chini ya gari, akalala kwenye nyasi, akagonga hapa, akavuta pale. Akainuka na majani kichwani.

"Inauzwa?"

"Inauzwa," alisema Sagynaly. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa: "Lakini nikuambie mapema, dada. Usukani uko kulia."

"Kulia kabisa?"

"Kulia kabisa."

"Basi niiendeshe!"

Sagynaly alidhani hakusikia vizuri. Lakini mwanamke alishakaa, anavuta kiti mbele. Sagynaly akapanda kushoto, Bi Anipa akajitupa kiti cha nyuma bila kualikwa, na wakaanza kuipanda njia ya mahema ya juu. Ilikuwa njia ya gari moja tu, ukuta wa mwamba kushoto, na kulia hewa. Sagynaly aliuona mwamba ukipita karibu na sikio lake. Seyilkan alitoa kichwa dirishani, akautazama ukingo ulipokutana na tairi, akaendelea kupanda taratibu, anaimba chini kwa chini.

"Miaka yote," alisema, "nilikaa hapo ulipokaa wewe. Shimo liko huku, mimi niko kule. Naendesha kwa kukisia na kwa dua. Leo ndiyo mara ya kwanza naliona shimo langu."

"Na wakati wa kurudi? Si shimo litakuwa kushoto?"

"Wakati wa kurudi nitajibana ukutani, nao nitakuwa nauona. Nikikwaruza, nimekwaruza. Ukuta haujamuua mtu huku."

Waliporudi hemani, Sagynaly alitaja bei ile ile ya kuinamisha kichwa, ile ya yadini. Kabla Seyilkan hajajibu, Bi Anipa aligonga bakuli kwa kijiko.

"Subiri. Mwanangu amezoea kuwaomba radhi watu wa mjini. Kwao gari hili lina kilema. Kwako wewe, binti, lina kilema?"

Seyilkan akatabasamu. "Hapana, mama."

"Lina nini?"

"Lina faida."

"Basi bei ya kilema ni ya Bishkek. Hapa taja ya faida."

"Mama!" Sagynaly aliona haya. Akamgeukia Seyilkan. "Dada, sikufichi. Siku ukilipeleka mjini kuliuza, watakushusha bei vile vile walivyonishusha mimi. Upande huo hautabadilika."

"Nani kasema nitaliuza? Nitazeeka nalo." Seyilkan alifikiri, akipiga piga buti kwa kiboko chake. Fedha za bei ya kilema alikuwa nazo. Za bei ya faida hakuwa nazo zote. Akatazama upande wa mahema yake. "Nitakuongezea farasi jike anayenyonyesha, na mtoto wake. Anakamulika vizuri. Ana hasira kidogo."

"Hasira naziweza," alisema Bi Anipa, kana kwamba yeye ndiye anayenunua.

Wakapeana mikono. Ukijumlisha na farasi, Sagynaly alipata karibu sawa na ambavyo angepata usukani ukiwa kushoto, tena bila kulichana gari. Alipanda kilimani palipokuwa na mtandao, akampigia Gennadi kumwambia Jumatatu asimngoje.

"Umepata mjinga?" Gennadi aliuliza.

"Nimepata mlima."

Kisha akampigia Nurzada.

"Nimeuza mke wa pili."

Upande wa pili vyombo vilinyamaza. "Kweli? Kwa bei gani?"

Alimtajia. Nurzada alipiga kigelegele kifupi, halafu akasita. "Hiyo ni pungufu ya uliyotaka."

"Nyingine nimelipwa farasi."

"Farasi?"

"Jike. Na mtoto."

"Sagynaly, sisi tunakaa ghorofa ya tano."

"Atakaa na mama. Mama anabaki huku mpaka vuli."

Nurzada alishusha sauti. "Anaendeleaje?"

Sagynaly aliangalia chini. Farasi alikuwa ameshaletwa. Mama yake alikuwa amekunja mikono ya gauni, ndoo kwenye goti, anamnong'oneza mnyama huku dada mkubwa akimshikilia mtoto wa farasi shingoni. Mtu mmoja alikuja kumpokea ndoo. Akamfukuza kwa kiwiko.

"Anakamua," alisema.

"Mwache akamue," Nurzada alisema polepole. "Na akirudi, nitamwachia unga wangu akande. Mwambie."

"Nitamwambia."

Hapo farasi alirusha teke, ndoo ikapaa, na Bi Anipa akaanguka kitako kwenye nyasi, maziwa yamemchirizika mpaka kidevuni. Kicheko chake kilifika kilimani kabla Sagynaly hajaanza kukimbia kushuka. Alipofika alimnyooshea mkono amnyanyue, lakini mama alikuwa tayari amesimama, ameiokota ndoo, anamkaripia farasi kwa jina alilompa papo hapo.

"Wewe simama upande wa kichwa," alimwambia mwanawe. "Mshike sikio. Tunaanza upya."