Mwizi wa Tangazo

Ukumbi wa karate ulikuwa juu ya duka la vipuri, na wanafunzi wake walikuwa wamepukutika hadi wakabaki wa kuhesabika kwa vidole. Mwalimu, mama wa makamo mwenye mkanda mweusi na goti bovu, alikuwa amebandika matangazo kila nguzo ya umeme mtaani. Mvua ikayabandua yote.

"Dada, nani anasoma karatasi siku hizi?" mdogo wake alimwambia. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi, na mdomo wake haukuishiwa maneno. "Watu wanataka kujionea. Sindano anakupora mkoba barabarani, unambwaga chini, mimi narekodi. Video ikisambaa, utakosa pa kuwaweka wanafunzi."

Sindano alikuwa fundi cherehani, mwembamba kama jina lake, na ndiye mwanafunzi aliyedumu kuliko wote. Alicheka, akakubali. Mwalimu moyo ulimsita, lakini akasema haya, na iwe.

Wakachagua saa za watu kutoka kazini. Sindano alishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akapita mbio, akaukwapua mkoba. Mwalimu akamdaka kiwiko, akageuza nyonga, na kijana akatua kwa mgongo, puu, vizuri kabisa. Ng'ambo ya barabara, mdogo wake aliinua dole gumba.

Kisha mtu akapiga kelele, "Mwizi!"

Muuza viatu akaacha viatu vyake chini. Wapagazi wakatua mizigo. Kabla Mwalimu hajafungua mdomo, teke la kwanza lilishafika mbavuni mwa Sindano, na la pili usoni.

"Acheni! Ni mwanafunzi wangu! Tulikuwa tunaigiza!"

"Mama, usimwonee huruma," mwanaume mmoja alimwambia, akimsogeza pembeni kwa heshima zote. "Hawa ndio wanaotumaliza. Tuachie sisi."

"Anamtetea? Basi wako pamoja!" alidakia mwingine.

Mdogo wake alikuwa amekwama nyuma ya migongo ya watu, simu juu, akilia, "Ni tangazo, jamani! Ni tangazo!" Hakuna aliyejua anasema nini. Mtu alikuwa ameokota kipande cha tofali. Mwalimu aliona wazi kwamba hawezi kupigana na mtaa mzima. Akajitupa juu ya Sindano, akamfunika. Kitu kizito kikampiga begani.

"Mwalimu, wataniua," kijana alisema chini yake, pumzi zikimkatika.

"Hawatakuua. Nikisimama, simama. Fuata ninachoagiza, usimtazame mtu."

Akainuka, akavuta pumzi, akaitoa ile sauti yake ya ukumbini, iliyokuwa ikitikisa madirisha. "Sindano! Simama! Salamu!"

Kelele zikakatika. Sindano akasimama, damu ikimchuruzika jichoni, akabana visigino, akainama.

"Moja!" Akatupa ngumi hewani. "Mbili!" Akakinga. "Tatu!" Mwalimu naye alikuwa ubavuni pake, goti likimlilia, na wawili hao wakaenda sawasawa, mkono kwa mkono, hatua kwa hatua, katikati ya watu waliotaka damu. Hakuna aliyesogea. Mwenye tofali akalishusha taratibu, kana kwamba limeanza kumchoma kiganja.

"Kwani wanajuana?" aliuliza muuza viatu.

"Si nimewaambia!" Sauti ya Mwalimu ilikuwa imekauka. "Huyu ni mtoto wangu wa ukumbini."

Wakatawanyika, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita tu.

Ile video mdogo wake aliifuta mbele ya dada yake. Lakini habari hazihitaji simu. Wiki ile ngazi za ukumbi zilijaa watu. Sindano hakuja.

Mwalimu akamfuata kibandani kwake. Alimkuta mbele ya cherehani, nyusi imeshonwa, kitambaa kimelala tu mapajani.

"Nisamehe, mwanangu. Moyo ulinikataza, nikaunyamazisha."

"Nilikubali na mimi, Mwalimu. Sina kinyongo na wewe." Akakikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Ila sasa mle ndani kuna watu ninaowajua. Aliyenipiga teke la uso namshonea suruali. Nimeambiwa amejiandikisha. Nitamwinamiaje?"

"Nikimfukuza?"

"Utamfukuza nani, utamwacha nani? Walikuwa wengi."

"Utarudi?"

"Sijui. Usiningoje."

Jioni ile wanafunzi wapya walikuwa wameshavua viatu na kupanga mistari. Mwalimu hakuwasalimu kwanza. Aliwaeleza yote, tangu wazo lilipozaliwa mpaka nyuzi za kwenye nyusi. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Lakini humu ndani kuna waliompiga. Sitawataja, maana siwajui. Yeye anawajua."

Watu wawili wakaondoka bila kuaga. Kisha mwanaume mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono, yule yule aliyemsogeza pembeni kwa heshima.

"Suruali yangu iko kwake," alisema. "Na ile kofia... sikumtambua, Mwalimu. Wallahi sikumtambua. Sasa nitamtazamaje?"

"Sijui," Mwalimu alimjibu. "Lakini kibanda chake bado kiko wazi saa hizi."

Mwanaume akatoka mstarini, watu wakimtazama. Halafu akachukua viatu vyake, akateremka ngazi bila kuvivaa.