Baridi ya Somoe

Maji ya kumkanda Somoe yalikuwa yakitokota kwenye sufuria kubwa, jikoni kwa mama yake, Ufukoni. Bi Rehema alichovya kitambaa, akakikamua haraka kisimuunguze vidole, akakibandika kiunoni kwa binti yake. Kitambaa kikakakamaa. Alipokibandua kilikuwa na barafu nyembamba pembezoni. Akakigonga ukutani, akachovya tena.

"Mama, maji ya baridi haya."

"Yanatokota, mwanangu. Mwenye baridi ni wewe."

Siku ya kujifungua Somoe alimwaga damu mpaka godoro la zahanati likatupwa. Mtoto, Latifa, alitoka salama. Maziwa hayakutoka. Latifa alinyweshwa maziwa ya kopo, na kila alipolazwa kifuani kwa mama yake alipiga chafya. Arobaini ilipopita, Bi Rehema aliacha kukanda, kwa kuwa kuni ziliisha bure.

Rashidi, mume wa Somoe, alivumilia msimu mmoja wa korosho. Kisha akahamia kwa mke mwingine, Ziwani. Aliaga vizuri. Alisema kule kuna joto.

Somoe alikuwa mbanguaji wa korosho kiwandani. Aliporudi kazini mikono ilikuwa mizito, na usingizi ulimkamata asubuhi mapema akiwa bado kwenye benchi.

"Mtu mzima unasinzia kama kuku mwenye mdondo," alisema msimamizi, Magreth. Wenzake wakacheka. Magreth akamwondoa Somoe, akamweka mdogo wake mwenyewe.

Siku moja umeme ulikatika na barafu ikakosekana mji mzima. Somoe alikwenda sokoni kununua dagaa, akachoka, akaegemea tenga la kolekole la Mustafa, mchuuzi wa samaki. Alipoinuka, samaki wa juu walikuwa wagumu kama mbao. Mustafa akamgonga mmoja kwa kisu.

"Dada, una kazi?"

"Sina."

"Basi usiondoke. Kaa hapohapo."

Akamwekea kigoda katikati ya matenga. Kazi yake ilikuwa kukaa. Hata akisinzia hakuna aliyemsema, maana akilala baridi ilizidi. Siku za mnada wa Nanyamba, Silvio wa bodaboda alimpakia nyuma yake pamoja na matenga, na samaki walifika kama wametolewa majini sasa hivi.

"Friji, hujambo?" wateja walimsalimia.

"Sijambo," alijibu.

Latifa akakua, akaanza shule, akapata sare na viatu.

Somoe alipoanguka sokoni mara ya pili, Bi Rehema alimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alivaa sweta kwanza ndipo akampima. Akamweleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Hiyo ndiyo inayouagiza mwili utoe maziwa, upate hedhi, upate nguvu, upate joto. Siku ile ya uzazi tezi hiyo ilikosa damu, ikanyauka.

"Kumbe si uvivu," Somoe akasema.

"Si uvivu, dada. Na vidonge hivi ni vya maisha. Ukiviacha, iko siku utaanguka usiamke."

Akameza. Mwezi haujaisha, akatoka jasho. Alilipangusa kwa kidole, akamwonyesha mama yake. Jioni hiyo Latifa alimpanda mapajani, akajilaza kifuani bila kupiga chafya, akakataa kushuka hata ugali ulipoiva.

Wiki hiyohiyo kolekole wa Mustafa wakaanza kunuka.

"Umefanya nini, Somoe?"

"Natumia dawa, kaka Mustafa. Nimepata nafuu."

"Alhamdulillahi," Mustafa akasema, na alimaanisha. Kisha akachukua kigoda. "Lakini mimi sikuajiri mtu. Niliajiri baridi."

Somoe akarudi kiwandani na mikono yake miepesi. Akaeleza habari ya tezi. Magreth alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mwenzangu. Ila nafasi ya mtu wa kusinzia hatuna."

"Sisinzii tena."

"Wote wakija husema hivyohivyo."

Dawa za hospitali zikaisha, akaambiwa anunue duka la nje. Za dukani zilitaka mtu mwenye kazi, na kazi iliyokuwepo ilitaka mtu asiyezimeza. Bi Rehema alilitafakari jambo hilo huku akikuna nazi. Nazi ikaisha, jibu hakulipata.

Somoe akarudi kwa Mustafa, wakakubaliana. Ijumaa Mustafa hauzi, anakwenda msikitini. Basi Alhamisi jioni Somoe anameza vidonge, Ijumaa anakuwa na joto, na Jumamosi akikalia kigoda baridi imesharudi.

Daktari alipita sokoni, akamkuta hapo. Alimkataza kabisa kuruka dawa, kwa sauti ya juu, mpaka watu wakageuka. Kisha akanunua changu wawili. Aliomba wale waliolala karibu na miguu ya Somoe.

Mustafa amesimamisha kibao: BARAFU IPO. Latifa akitoka shule hupitia hapo, hukalia ndoo kando ya kigoda, huweka chupa yake ya maji miguuni pa mama yake. Jumatano moja alimkuta midomo imekuwa myeusi. Alimwita, hakuitika. Alimwita tena, akaitika.

"Mama, leo siku gani?"

"Jumatano."

Latifa akachukua chupa yake, akavuta nyuma kidogo ndoo aliyokalia, akajifunika kanga mabegani. Akanywa maji. Yalikuwa yamepoa vizuri.