Walivyomwimba Leonce

Nilichosikia kwanza ni kikohozi. Kilikuwa kifupi, kikavu, na baada yake mtu akavuta pumzi kwa pua. Ndipo sauti ya mwanamke ikaanza, na chini yake mdundo wa rege, nyuzi za udi kama za taarabu, na kijana akifokafoka kwa Kifaransa. Lakini mimi nilikuwa nimeshamjua mwenye kikohozi. Nimelala naye chumba kimoja maisha yangu yote.

Tulikuwa garini, Haltom City, huku Marekani, tukitoka kununua unga. Aliyeendesha ni yaya Généreuse, ndivyo sisi tunavyomwita dada mkubwa, binti wa baba yangu mkubwa, aliyekuja kututembelea kutoka Houston. Yeye amesoma mpaka chuo kikuu, na albamu ile ya bendi ya Ufaransa alikuwa akiisifu tangu asubuhi. Alisema hao hawaimbi mapenzi tu. Wanaimba juu ya wakimbizi, juu ya polisi wanaopiga vijana weusi na Waarabu, juu ya watu wanaozama baharini huku matajiri wakiota jua ufukweni. Nilikuwa nimeipenda, siwezi kusema uongo.

"Huyo ni Mama," nilimwambia.

Alisimamisha gari kando ya barabara, akarudisha wimbo nyuma, akasikiliza, kisha akalia kwa furaha.

Kaka yangu Leonce alikufa kwa homa kambini, Tanzania, tulikokimbilia kutoka Kongo, tukiwa bado tunangoja safari ya Marekani. Katika ukoo wa mama, kila mtoto ana jina la ndani ambalo mama yake humpa akiwa ananyonya. Siku ya kuzikwa, mama humwita kwa jina hilo, kwa wimbo, ili ajue njia. Kaburi likifunikwa, na jina linafunikwa. Halitajwi tena mpaka azaliwe mtoto wa kulichukua, kwa sababu maiti akiitwaitwa hugeuka nyuma.

Siku ya kumzika Leonce alikuja mzungu mwenye mashine ya kunasia sauti na kipaza sauti kilichovikwa manyoya. Kambini watu wa ofisi walikuwa wanachukua kila kitu chetu: alama za vidole, picha, habari za magonjwa. Tukadhani na huyu ni wa ofisi. Jirani yetu Clothilde akamnong'oneza Mama aimbe kwa nguvu, wakubwa wasikie kwamba dawa hakuna. Mama akageuka, akaielekea mashine, akaimba.

Nilijaribu kumweleza yaya. Nilisema wimbo ule ni wa kaburini, na neno wanalolirudia kwenye kiitikio ni jina la ndani la Leonce. Yeye alikulia mjini, Bujumbura, na mambo ya ukoo wa mama yangu huyaita mambo ya porini. Alinishika shavu.

"Ndiyo maana wimbo una nguvu, ma chérie. Dunia nzima inamlilia ndugu yetu. Ama unataka awe amekufa kimya kama mbuzi?"

Maneno yangu huja moja moja, na yeye yake huja kwa kikapu.

Aliwaandikia wale wa bendi. Kwenye kijitabu cha albamu walikuwa wameandika tu "sauti ya mwanamke wa kambini." Walimjibu kwamba wamelia wote, kwamba mwezi wa kumi, mwaka ule wa 2019, wanakuja kupiga Houston, na kwamba wanamtaka Mama jukwaani. Yaya akasema Mama asiambiwe, iwe sapraizi.

Kwa hiyo Mama alishonesha kitenge akijua anaenda kwenye sherehe ya watu wa nyumbani. Njia nzima mpaka Houston alizungumza habari za mke wa kaka yangu Samson, aliyekuwa mjamzito. Akizaliwa mvulana, alisema, jina lipo. Hakulitaja. Alijigusa kifuani tu. Mimi niliangalia malori.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kikohozi kilipotoka kwenye spika kubwa, Mama hakutazama jukwaa. Alinitazama mimi. Halafu mamia ya watu, Wafaransa, Waarabu, Wamexico, hata Wakongo wenzetu, wakainua vikombe vya bia wakalipaza jina la kaka yangu. Walilitamka vibaya, wakilivuta mwishoni huku wakiruka. Yaya akamshika Mama mkono, akampandisha. Mwimbaji akamkumbatia, akasema maneno mengi juu ya watu wasio na sauti. Mama alisimama kwenye taa amekumbatia mkoba wake kama mtu anayesubiri basi. Walimpigia makofi. Hakuna aliyempa kipaza sauti.

Baadaye tuliketi nyuma ya jukwaa, yaya akipigwa picha na wanamuziki.

"Wamemwita wote pamoja," Mama aliniambia. "Sasa atamwitikia nani?"

Mtoto wa Samson alizaliwa mwezi wa pili, mvulana. Wote tulimgeukia Mama. Akasema mpeni lolote. Anaitwa Erick, kama msimamizi wa Samson kazini, pale ghalani, mji wa Mesquite.

Yaya bado anaucheza wimbo ule garini. Husema Mama ni mtu wa haya, ndiyo maana hauzungumzii.

Kabla hatujaondoka ukumbini usiku ule, mwimbaji alikuja akapiga goti mbele yetu. Ni mtu mwenye macho mema. Aliuliza, yaya akitafsiri, kama Mama amefurahi. Mama akatazama sakafu. Yaya akanigeukia mimi, nami nikatikisa kichwa kukubali, nikatabasamu.

Nilichokuwa nacho mdomoni ni hiki: Hapana. Mnaimba kwamba wenye nguvu huchukua kila kitu cha maskini, na ni kweli. Mlikuja msibani kwetu, tukawapisha mpaka ukingoni mwa kaburi, mkaondoka na marehemu.