Maiti Aliyesogeza Mkono

Kwa Warusi, filamu isiyoisha kwa kilio si filamu. Ndiyo maana studio moja ya Kopenhageni ilipiga filamu moja yenye miisho miwili: wa watazamaji wa nyumbani, ambapo luteni anamrudia mchumba wake, na wa Urusi, ambapo yeye na hawara yake mcheza dansi wanakunywa sumu. Aliyeigiza luteni ni Holger. Mchumba wa Holger, wa kweli, ni Thyra, na Thyra ndiye aliyekaa chumba cha mikanda na mkasi na gundi, akikata na kuunganisha.

Wiki tatu sasa moyo wake ulikuwa haujatulia. Busu la nyumbani Holger alilirudia mara saba, uso mkavu kama anayemeza kwinini. Kufa na Ellinor, aliyeigiza yule mcheza dansi, kulipigwa mara moja tu, kukafaa.

"Shoga, wako anajua kufa!" Gudrun wa meza ya pili akamtania. "Kuoa je, anajua?"

"Tafuna mkate wako," Thyra akamjibu.

Akauinua mkanda kwenye mwanga wa dirisha. Maiti wawili sakafuni, kimya. Pembeni mwa picha mwongozaji akapunga mkono kuashiria mwisho, lakini mpiga filamu mzembe akazidi kuzungusha mpini wa kamera. Hapo ndipo mkono wa Holger ulipotambaa sakafuni, macho yake bado yamefumbwa, ukautafuta wa Ellinor, ukaupata.

Labda alitaka kumsaidia ainuke. Labda. Thyra aliujua wivu wake, unaomwonyesha mashetani mchana kweupe. Akakikata kile kipande, akaamua kukitupa na kunyamaza.

Saa ya mlo Holger akaingia, wanja bado machoni.

"Mpenzi, umeumaliza ule wa Urusi?"

"Nimeumaliza."

"Kile kijipande cha mwisho, baada ya kuambiwa basi… umekitupa?"

"Ndiyo nakitupa sasa hivi."

"Usikitupe!" Sauti ilimtoka haraka mno. "Nipe mimi. Si takataka tu? Kwako hakina kazi."

Thyra akamtazama. Picha yao wawili, ya siku ya kuvishana pete, Holger alikuwa hajaenda kuichukua kwa mpiga picha, na sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu ipigwe. Akampa kipande. Holger akakikunja ndani ya leso taratibu, kisije kikakwaruzika, akakitia mfuko wa kifuani.

"Asante, Thyra. Jioni nipite kwenu?"

"Usije. Jioni nitakuwa namweleza mama kwamba harusi haipo."

Holger akaushika mfuko wa kifuani, akatoka.