Boti Waliyoiita Mke Mwenza

Mama Pasi aliinama, akapuliza makaa kupitia tundu la nyuma la pasi mpaka macho yakamtoka machozi. Tangu ofisi ya gati iwakatie umeme wakazi wa maboti, alikuwa amerudia pasi ya mkaa aliyoachiwa na mama yake, dude la chuma zito lililomtia ganzi mkono wote wa kulia. Mezani, juu ya blanketi lililokunjwa, ilikuwa imelazwa sare nyeupe ya mkuu wa gati. Mkuu aliitaka kabla ya jioni. Kesho wangekuja wageni kufungua gati jipya la boti za matajiri.

"Puliza taratibu, mwanangu, usije ukashikwa na kizunguzungu," mama mkwe wake alimwambia kutoka kitandani. Miguu ya bibi huyo ilikuwa imeshagoma kutembea. Mdomo ndiyo kwanza ulikuwa unachangamka.

"Nikipuliza taratibu, mama, kesho mkuu atavaa mikunjo."

"Na aivae. Lile tumbo lake si litainyoosha lenyewe?"

Wakacheka mpaka bibi akapaliwa.

Zamani boti ile ilikuwa ikivusha watu mtoni. Daraja lilipojengwa, ikatelekezwa kwenye matope, na mume wa Mama Pasi, aliyekuwa fundi wa injini yake, akapewa iwe ndiyo kiinua mgongo chake, maana kampuni haikuwa na kingine cha kumpa. Akakigeuza chumba cha injini kuwa jiko. Chumba cha nahodha, chenye madirisha pande zote, akakifanya cha kulala. Usukani hakuung'oa; waliutundikia taulo. Alivyokuwa akiisugua na kuipaka rangi boti ile, majirani walimtania kwamba ameoa mke wa pili, na Mama Pasi akaudaka utani huo. "Leo unalala kwangu au kwa mwenzangu?" angemuuliza akimwona anapanda na rangi mpaka masikioni. Jina likaganda: Mke Mwenza. Mume alipofariki, wake wenza hao walibaki wakitunzana. Kila kiangazi Mama Pasi aliziba nyufa kwa lami, na kila masika Mke Mwenza aliwafunika, hakuwavujishia hata tone.

Alikuwa anamalizia ukosi wa sare pale boti ya doria ya ofisi ilipopita kwa kasi, ikifanya mazoezi ya kuwapokea wageni. Wimbi likampiga Mke Mwenza ubavuni. Meza iliinama, pasi ikateleza, ikaanguka na kufunguka. Makaa yakasambaa sakafuni, mengine yakapenya kwenye nafasi za mbao, yakadondokea chini, kwenye mbao zilizokunywa mafuta ya injini miaka yote ile. Mama Pasi alimwaga ndoo nzima ya maji. Yaliyokuwa juu yalizimika. Chini kukasikika mvumo, kama mtu anayevuta pumzi ndefu, kisha moshi mweusi ukapanda kutoka kila ufa.

"Nishike shingoni, mama!"

"Niache, utaungua na wewe."

"Nishike, nimesema!"

Alivuka ubao wa kushukia ukingoni na bibi mgongoni, akambwaga kwenye nyasi. Aliporudi, moto ulikuwa umeshatoka nje ya mlango na nywele zake zikaanza kunuka. Majirani walitupa maji kwa ndoo, kwa sufuria, kwa chochote. Zimamoto walipigiwa simu. Wakasema njia ya kuingilia imefungwa kwa ajili ya maandalizi, wawaombe kwanza ofisi ya gati wafungue geti. Ofisi haikupokea simu.

Fundi Bomba, jirani wa boti ya pili na rafiki wa marehemu, alikuja na panga mkononi. Hakuweza kumtazama usoni.

"Shemeji, upepo unageukia kwetu. Kuna watoto kule. Itabidi... nikate kamba?"

Mama Pasi alitazama boti zilizopangana nyuma yake, nguo za watoto zikining'inia.

"Usimkate," alisema. "Nitamfungua mimi."

Alipiga magoti kwenye gogo la ukingoni ilipofungwa kamba, joto likimchoma uso. Fundo lile lilikuwa la mumewe, ndiye aliyemfundisha kulifunga, na vidole vililijua. Kamba ilipolegea aliishika kidogo. Kisha akaiachia. Mkondo ukamchukua Mke Mwenza taratibu, akawaka mpaka katikati ya mto. Juu ya daraja watu walisimama, simu zimeinuliwa, wakirekodi.

Mkuu wa gati alifika baada ya boti kuinama na kuzama nusu.

"Pole sana, mama," alisema. Akatazama huku na huko. "Na sare yangu?"

"Ilikuwa ndani, mkuu."

"Ilikuwa ndani! Na kesho nivae nini mimi?" Akashusha pumzi. "Ndiyo maana tuliwakatia umeme. Nyaya zenu zilikuwa za hatari. Ni kwa usalama wenu."

"Pasi ya umeme haina makaa, mkuu."

"Unasemaje?"

Fundi Bomba alimminya mkono.

"Nasema pole kwa sare yako. Sasa sisi tutalala wapi?"

"Kibali chako kilikuwa cha boti. Boti huna, kibali huna. Na hapa ukingoni kesho sitaki kuona mtu, wageni wanapita." Aligeuka aondoke, akasita. "Ila mimi si mnyama. Stoo kuna sare nyingine, imekunjamana vibaya. Njoo asubuhi uninyooshee, ofisini kuna pasi ya umeme. Halafu tutaona."

Kwa ajili ya hiyo *tutaona*, asubuhi Mama Pasi alimbeba mama mkwe wake hadi ofisini, akamkalisha kwenye ngazi za nje, akamfunga kitambaa vizuri kichwani. Gofu la Mke Mwenza lilikuwa limeshavutwa nyuma ya daraja na kufunikwa turubai. Ndani, mkuu alisimama na fulana tu, akisubiri Mama Pasi amalize kunyoosha sare.

"Mkuu, jana ulisema tutaona."

"Leo si siku yake, mama. Mkono wa kushoto huo bado."

Tarumbeta zilianza. Dirishani Mama Pasi aliona wageni wakipanda ngazi, viatu vinang'aa. Bibi alikuwa ameketi wima, anaota jua, kiganja kimelala wazi pajani. Mgeni mmoja, bila kupunguza mwendo, akadondosha sarafu humo.

Bibi aliitazama. Kisha akajikokota mbele, akanyoosha mkono mbali kadiri alivyoweza.

"Baba!" aliita. "We baba! Umedondosha hela yako!"

Mgeni hakugeuka. Bibi akaiinua sarafu juu zaidi, mwenyewe aione.