Nyumba ya Mwalimu Tabitha

Kuingia Kilimarondo ni rahisi, unapangiwa tu. Kutoka ndiyo shughuli. Mwalimu hahami mpaka ampate mwenzake wa kubadilishana naye kituo, na nani mwenye akili timamu ataacha mjini aje kuishi jirani na tembo?

Tabitha alimtafuta mtu huyo hadi akachoka. Binti yake, Doris, alikuwa Same kwa bibi yake, na Januari anaanza darasa la kwanza. Tabitha alitaka kumshika mkono mwenyewe siku hiyo. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Hatimaye akapatikana Filbert, mwalimu wa hukohuko Same, mzaliwa wa Masasi, jirani na Kilimarondo, aliyetaka kusogea karibu na kwao.

"Nyumba ipo?" akauliza kwenye simu.

Haikuwepo. Tabitha mwenyewe alilala kwenye stoo ya duka, yeye na magunia ya ufuta na panya wake.

"Basi ikipatikana, nakuja," Filbert akasema.

Tabitha akaitisha kikao cha wazazi. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana tangu elimu iwe bila malipo, ukitamka neno mchango unatazamwa kama tapeli. Uji wa watoto ulikufa hivyohivyo. Darasa la kwanza lilifurika hadi watoto wakakaa chini, wakiandikia magotini, na jibu likabaki lilelile: si serikali imesema bure? Tabitha akasimama, akasema kwamba bila nyumba mwalimu hakai. Filbert hakumtaja. Hakudanganya, alijiambia, amefupisha tu maelezo.

Na wazazi, ajabu, wakajenga. Wanaume wakafyatua matofali na kuyachoma, wanawake wakabeba maji, waliouza ufuta wakaleta mabati. Tabitha alifurahi hadi akaona haya. Begi lake lilikuwa tayari.

Siku ya kukabidhi nyumba, Mama Dorotea, mwenyekiti wa kamati ya shule, akamshika mkono akamwingiza ndani. Chumba cha kwanza kilikuwa na kitanda kikubwa. Cha pili kilikuwa na kitanda kidogo cha kamba, kipya.

"Hiki cha nani?" Tabitha akauliza.

"Cha Doris. Uliposema mwalimu hakai, tukajua mtoto ndiye anayekuvuta. Mlete asome hapa na wenzake."

Tabitha akakitazama kile kitanda. Doris wake akae chini kwenye vumbi? Ashinde na njaa mpaka mchana? Haiwezekani hata kidogo. Mlangoni alisimama mjukuu wa Mama Dorotea, wa darasa la kwanza, magoti meupe kwa vumbi hilohilo, akimchekea mwalimu wake.

"Au shule yetu haimfai, mwanangu?" Mama Dorotea akauliza. Hakuuliza kwa ukali, na ndiyo maana swali lilichoma.

"Inamfaa, mama."

Nje vigelegele vikalipuka. Simu ikatetemeka mfukoni, Filbert anaandika: nyumba imeisha?

Tabitha akalisoma swali mara mbili, kisha akajibu: imeisha, ila ina mwenyewe. Akakaa kwenye kitanda kidogo, akalia huku amejiziba mdomo, na nje wanawake wakiimba jina la binti yake.