Wapagazi wa Syombua

Kila jioni, wanafunzi wa darasa la tatu wakishatawanyika na vumbi lao, Syombua alipitia ukumbi wa Majengo kuumwagilia mlima. Kopo lake lilikuwa la samli, kitako kimetobolewa kwa msumari. Alilichovya ndooni, akaizunguka meza polepole, na maji yakashuka juu ya mchanga kama manyunyu ya Julai. Asipofanya hivyo Kilimanjaro ilibomoka, na ikibomoka, Jumamosi wanaume wangepoteza nusu ya mchana kuifinyanga upya.

Meza yenyewe ilikuwa milango miwili mikuukuu iliyounganishwa na kuzungushiwa mbao, imejazwa mchanga wa mto Chania. Uzi wa sufu wa buluu ndio uliokuwa mto Ruvu. Vijitawi vya mvinje vilikuwa msitu. Na katika uwanda wote, kila upande wa mto, walisimama askari wa mti wenye urefu wa kidole gumba, bunduki begani.

Jioni moja alikuwa amefika upande wa Taveta mlango uliposukumwa kwa kitako cha bunduki. Wakaingia askari watatu, koplo mbele.

"Hii ni nini?"

Kopo liliendelea kudondosha maji juu ya kiatu cha Syombua.

"Mwalimu, nakuuliza. Hii ni nini?"

"Ni vita," akasema Syombua, kisha akatamani ulimi wake ukatike.

"Vita?"

"Vya zamani, afande. Ni mchezo."

Koplo aliinama juu ya meza. Hakuwatazama wale wenye bunduki. Aliingiza vidole ndani ya msitu wa mvinje na kutoa kijitu kimoja kilichobeba gunia kichwani. Akakigeuza, akakitazama nyayo, akakitia katika mfuko wa shati.

"Jumamosi ndipo mnapokutana hapa, sivyo? Mwambie mwenyewe atakuwa na mgeni."

Syombua alimwambia Sajini Kaleli, mwenye klabu ya mchezo huo, kesho yake, na Kaleli akacheka hadi akashika mbavu. "Mwache aje! Tutampa jeshi la Mjerumani, Nzomo apumzike."

Kaleli alikuwa na sababu ya kutoogopa. Alikuwa amepigana Burma katika jeshi la mfalme, na huko ndiko alikoonja mchezo wenyewe. Maofisa walikuwa na meza ya mchanga. Jioni waliichezea vita vya babu zao, naye akiwapelekea chai alisimama nyuma yao akajifunza. Aliporudi Thika akapata kazi ya kulinda ghala la mkonge, na usiku mlangoni pa ghala akachonga majeshi mawili, kwa kuwa alizaliwa Wamunyu kwa wachonga vinyago na kisu hakikumshinda. Klabu ilikuwa na ruhusa ya bwana wa ustawi wa jamii, ina muhuri, nayo ilitundikwa ukutani.

Vita walivyocheza vilikuwa vya Mwingereza na Mjerumani, vile vya mwaka wa kumi na nne. Baba yake Kaleli alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita hivyo, akaenda na gunia la unga kichwani, hakurudi. Kwa hiyo Kaleli alikuwa na sheria ambayo hakuipata kwa maofisa: hakuna jeshi litakalosogea mbele kuliko chakula chake, na chakula kinatembea kwa miguu ya watu. Aliwachonga wapagazi mmoja mmoja, kila mmoja na uso wake.

Sheria ya pili ilikuwa ya kijeshi hasa. Kaleli huuliza watu hawa ni wa nani; aongozaye jeshi husimama wima, hutaja jina lake, na kutoa amri kwa sauti ambayo kila mtu ataisikia. Isiposikika, jeshi halitasogea, hata kama linazama.

Syombua aliingia klabuni kwa kuombwa kuchora ramani, maana alikuwa ametoka chuo cha ualimu na jiografia aliiweza. Ramani ikaisha, yeye akabaki. Nzomo fundi cherehani, aliyeongoza Wajerumani, alikataa kata kata kubeba mizigo ya mtu; Mburu, karani wa kinu cha kahawa cha Ruiru, tayari alikuwa na Waingereza. Wapagazi wakawa wa mwalimu.

Tabu ilikuwa sauti. Mbele ya watoto ilimtosha. Mbele ya watu wazima ilimkaukia kooni, ikatoka pumzi tupu. Kila zamu yake Kaleli aliweka kiganja nyuma ya sikio na kusema, "Sisikii, mwalimu!"

"Wapagazi wamelala," Nzomo angedakia. "Ama wanangoja wapikiwe uji kwanza?"

Hapo ndipo Mburu aliposimama. "Mwalimu amesema wavuke mto kwa kivuko cha juu." Na ndivyo hasa alivyokuwa amekusudia. Mburu aliyasoma macho yake kama mtu anavyosoma saa ya ukutani, hakuwahi kukosea, na Kaleli akaguna na kumruhusu, maana huruma ilimshinda.

Mwezi uliotangulia, mvua ikiwa imewazuia wawili hao mlangoni pa ukumbi, Mburu alikuwa ameshika baiskeli yake na kuzungumza na usukani. "Syombua. Nataka mama aende kwenu Ngoliba, akazungumze na wazazi. Aende, asiende?"

Syombua alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, zima kabisa, limekaa nyuma ya meno. Mvua ikanyesha. Mburu akangoja, kisha akacheka kidogo na kukung'uta maji kwenye kofia.

"Haya, nitangoja. Lakini hili, mwalimu, siwezi kukusemea."

Jumamosi mgeni alikuja. Alikuwa inspekta kijana wa Kizungu, pua imechunwa na jua, na nyuma yake koplo na wenzake. Kaleli alimpigia saluti ambayo ilifanya mbao za sakafu zilie. Inspekta akaisoma ruhusa ukutani, akatikisa kichwa kukubali. Akaitazama meza. Kwa kitambo kifupi uso wake ulilainika ukawa wa mtoto. Akainama, akamnyoosha Mjerumani mmoja aliyekuwa ameinama upande.

"Hii mzuri," akasema. "Nani natengeneza?"

"Mimi, bwana!"

Nzomo alikuwa ameanza kutabasamu. Ndipo koplo akatoa kile kijitu mfukoni na kukiweka juu ya ukingo wa mbao.

Inspekta alikitazama. Akafunua vijitawi vya mvinje kwa ncha ya fimbo yake, na chini yake, kwenye mteremko wa mlima, wakaonekana wengine wengi, wamejipanga mstari mmoja chini ya miti. Uso wa mtoto ukaondoka.

"Hii hapana sare," akasema. "Hapana bunduki. Iko ndani ya msitu, iko chini ya mlima. Napeleka chakula kwa nani?"

Mwaka ule wa hamsini na nne hapakuwa na mtu kati ya Ruiru na Thika asiyejua maana ya swali hilo. Wakikuyu walikuwa wamefungwa kwa kikapu cha viazi tu, kilichodhaniwa ni cha wapiganaji wa msituni.

"Bwana, hao ni wapagazi wa zamani," akaanza Kaleli. "Mlima huo ni Kilimanjaro. Baba yangu..."

"Nyamaza, Sajini. Mimi nauliza: hii watu iko ya nani?"

Swali lenyewe Kaleli alikuwa akiliuliza kila Jumamosi. Kwa mazoea tu, mikono ya wote ilikwenda kwenye mshono wa suruali, na macho yakaelekea kwa mwenye jeshi.

Syombua alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Aliyaona yote kwa uwazi wa ajabu. Angesema ni wangu, na inspekta angemwona mwalimu wa shule ya misheni, msichana wa Kikamba mwenye chaki kwenye vidole, na angecheka, na askari wangecheka, na jambo lingeishia hapo. Maneno mawili tu. Aliyatafuta kooni akakuta pumzi tupu.

Mburu alimtazama usoni. Akasoma, kama kawaida yake, wala hakukosea: aliona hofu. Akasimama wima.

"Ni wangu, bwana. Mburu wa Kagwe."

"Kabila?"

"Mkikuyu."

"Lete kipande. Pasi iko?"

Kipande cha utambulisho kilikuwepo, na pasi ya kutoka Ruiru ilikuwepo, lakini inspekta aliviweka vyote mfukoni bila kuvisoma. Koplo alikomba wapagazi kwa mikono miwili, akawamimina ndani ya gunia pamoja na mchanga uliowashika. Askari wenye bunduki waliachwa mezani hivyo hivyo, hakuna aliyewagusa. Mburu alipitishwa mlangoni ameshikwa viwiko. Alijaribu kugeuka, labda kusema neno juu ya baiskeli yake, akasukumwa.

Muda huo wote Syombua alikuwa bado amesimama nusu, mkono juu ya ukingo wa meza.

Nzomo hakuwa na mzaha wowote. "Mwalimu," akasema taratibu, "wale walikuwa wako."

"Najua," akasema Syombua. Wakati huu alisikika vizuri.

Sajini alivaa medali zake akaenda kituoni. Alirudi nazo mfukoni. Mwalimu mkuu naye alikwenda, akaambiwa ashike shule yake. Syombua alifundisha kutoa na kujumlisha, akapitia ukumbini jioni na kopo lake, akaukuta mlango umepigwa misumari. Kupitia upenyo wa dirisha aliuona mlima umekauka, upande mmoja umeanza kuporomoka juu ya Taveta. Hakuwa na njia ya kuufikia.

Habari ililetwa na muuza maziwa: Mburu alikuwa Ruiru, ndani ya seng'enge karibu na stesheni, na malori yangeanza kuwapeleka watu makambini asubuhi. Alfajiri Kaleli alimjia Syombua na baiskeli ya Mburu, ile iliyobaki nje ya ukumbi, akapiga mkono kwenye kiti cha nyuma.

"Panda."

Walipita mkonge wa Juja jua likichomoza, Kaleli akihema kama ng'ombe wa plau, Syombua ameshika koti lake. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya maneno mawili.

Nje ya seng'enge palijaa wanawake na vikapu. Mama mmoja mfupi, shuka begani, alimtazama Syombua toka miguuni hadi kichwani, kisha akaitazama baiskeli.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi Wamboi. Mama wa Mburu." Alimshika mkono, kiganja chake kigumu kama gome. "Aliniambia nioshe nguo yangu nzuri, kuna safari ya Ngoliba. Nikaiosha. Nikamwuliza, lini? Akasema ngoja kwanza. Nimengoja." Machozi alikuwa ameyamaliza.

Lori la kwanza lilikuwa limejaa. Mburu alikuwa ukingoni, kichwa kimenyolewa, amekaa na wengine wameshikana mabega. Alipomwona Syombua alitazama chini haraka, kama mtu aliyekutwa hajavaa.

Koplo alikuwa getini. Yule yule.

Syombua alikwenda mpaka mbele yake. Akasimama wima, mikono kwenye mshono wa sketi, kama Kaleli alivyowafundisha.

"Mimi, Syombua binti Kilonzo!" Sauti ilitoka imepasuka, lakini ilitoka, wanawake wakageuka. "Wale wapagazi walikuwa wangu! Jeshi lilikuwa langu, si la Mburu. Mimi ndiye niliyewaweka msituni!"

Koplo alifungua mdomo. Yeye na wenzake wakaangua kicheko, kile kile alichokuwa amekitazamia ukumbini. Kicheko chenyewe kilikuja, na hakikufungua geti.

"Haya, jenerali," akasema koplo akijifuta macho. "Rudi ukafundishe."

"Afande, ni kweli. Muulize Sajini."

Inspekta alitoka kibandani. Koplo akamweleza, akimwonyesha Syombua kwa kidevu. Inspekta alimtazama kwa muda, bila ukali. Ingekuwa afadhali angemtazama kwa ukali.

"Mwalimu, mimi naelewa," akasema. "Wewe napenda yeye, basi wewe nasema uwongo. Kila siku wanawake nakuja, nasema uwongo." Akatoa ishara kwa dereva.

Lori likatetemeka, likaanza. Wanawake walipiga mayowe, wakisukumana kurusha vikapu, na viazi vitamu vikabiringika chini ya magurudumu. Kaleli alivua kofia. Syombua alikimbia kando ya seng'enge, kiatu kikamtoka, hakukirudia.

"Mburu!"

Sasa Mburu alimtazama. Lori lilikuwa likipinda kuelekea stesheni. Aliuona mdomo wa Syombua ukifunguka na kufungwa, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumfanyia, aliinua mkono uliokuwa huru na kuweka kiganja nyuma ya sikio, kama Sajini.

Syombua alisimama vumbini na mguu mmoja mtupu, akajaza kifua.

"Aende!" akapiga kelele. "Nasema ndiyo! Mama yako aende kwetu Ngoliba!"